Weka hicho kiboko chini kwanza

Mkuu, usimpige huyo farasi jike wako. Umeandika kwamba kila mkifika mferejini anagoma, na mwalimu wako kasema "anakupima, mchape avuke, ajue bosi nani". Nimesoma nikajikuta nimeshika bega.

Miaka sita nyuma, hapahapa Usa River, Arusha, nililishwa maneno hayohayo na jamaa wa kofia kubwa na mabuti yanayong'aa, tena kwa hela yangu. Farasi wangu aliogopa turubai la bluu, watu wameanikia mahindi kando ya njia. Upepo ukalipiga. Akasimama, masikio mbele, akapuliza pua. Alitaka kutazama tu. Macho ya farasi yako pembeni, kitu kilicho mbele ya paji hakioni, lazima asogeze kichwa ndipo akipime. Mimi nikamkaza hatamu, nikamnyima hata kutazama, kisha nikamtia kiboko. Cha kwanza, akarudi nyuma. Cha pili, yeye akageukia nyumbani, mimi nikaendelea na safari peke yangu. Nilitua kwenye mahindi. Mtulinga ukavunjika, na mama mwenye mahindi akadai fidia kabla hajauliza kama niko hai. Nililipa, madebe mawili.

Bega lilipona. Farasi ndiye hakupona. Nilikuwa nimemfundisha kwamba turubai linauma, na mimi ndiye ninayelifanya liume. Miezi minane akiona hata ndoo ya bluu anatoka jasho. Nikiingia bandani na hatamu, ananigeuzia makalio. Na yule mtaalamu? Eti farasi ana kichwa kibovu, nimuuze, mteja yeye anamjua. Mteja anamjua!

Aliyenitoa shimoni ni kijana wa kusafisha mabanda. Alimshika kamba, wakaenda kwa miguu. Farasi aliposimama, naye akasimama, kamba imelegea, anatafuna mua wake. Farasi akasogeza mguu mmoja mbele, kijana akageuka wakaondoka. Nikamuuliza mbona unaondoka na ndiyo kwanza kaanza? "Kajitahidi, kaka. Mlipe." Farasi akashusha kichwa, akaramba midomo. Siku ya tisa alikuwa juu ya turubai, anaparapara kwa kwato kama anatafuta chenji iliyopotea.

Kwa hiyo akiogopa, simama, legeza mkono, na mwachie palepale anapojaribu, hata ikiwa nusu hatua. Usingoje avuke. Ukichelewa kulegeza, hajui amelipwa kwa lipi. Na wewe toa pumzi! Ukibana pumzi na mapaja, yeye anaamini umeona simba. Mimi huimba nyimbo za kwaya, hajalalamika bado.

Kesho shuka, mpeleke mferejini kwa miguu, kiboko kibaki nyumbani. Halafu rudi hapa uniambie alisimama hatua ngapi kabla ya maji.