Maswali ya Wasomaji: Tazama Mwezi Kabla ya Kukodi Boti

SWALI: Tulikodi boti kwenda kwenye fungu la mchanga. Kufika, maji ya kifuani, mchanga haupo. Nahodha akasema tu, “Leo maji mafu.” Tungejuaje mapema?

JIBU: Kwa kutazama mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa kawaida siku moja au mbili baadaye, huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na mafungu hutoka. Karibu na tarehe 8 na 23 za mwandamo ni maji mafu. Hayajai sana, hayapwi sana, na fungu la chini hushinda limezama. Nahodha wenu alilijua hilo kabla hajapokea arubuni, na hapo ndipo alipokosea.

Ukishapata siku, tafuta saa. Pwani nyingi maji hupwa mara mbili kwa siku (chache, mara moja tu), na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Tumia jedwali la bandari iliyo jirani, si ya mbali.

Tuseme maji yanafika mwisho wa kupwa saa 4 asubuhi, na kati ya kupwa na kujaa kuna mita 3. Ondokeni saa 2, boti ingali inaelea. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja: saa ya kwanza hupanda kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha hupunguza kasi. Fungu lililochomoza nusu mita litakuwa limefunikwa kama saa 5 na nusu. Na wanaonaswa mara nyingi hawakuzidiwa na maji ya mbele wanayoyatazama. Ni bonde la nyuma, kati yao na boti, lililojaa kwanza. Chomeka kijiti upande huo, mahali pa chini kabisa. Maji yakikigusa, kunjeni mikeka.

Boti nayo itie nanga penye kina. Ikilazwa mchangani maji yakiwa yanapwa, itakaa hapo hapo mpaka yarudi.

SWALI: Tunataka kulala kisiwani usiku mbili, Ijumaa hadi Jumapili. Kuna cha ziada cha kupanga?

JIBU: Kosa la kawaida ni kupanga kurudi kwa saa za siku ya kwenda. Maji yakipwa saa 4 Ijumaa, Jumapili yatapwa karibu saa 5 na dakika 40. Njia ya miambani iliyopitika saa 2 na nusu Ijumaa itapitika mpaka kama saa 4 Jumapili. Mkikaa wiki nzima, mambo hugeuka kabisa: saa mliyoikuta imepwa mtaikuta imejaa.

Msijivute hadi alasiri, hata hivyo. Jua likishapasha nchi kavu, upepo wa bahari huongezeka, na ukikutana uso kwa uso na mkondo, mawimbi huwa mafupi na yenye kuta. Boti ndogo huteseka hapo kuliko kwenye mawimbi makubwa ya taratibu.

Mafuta yagawe mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Maji ya kunywa na kupikia, lita 4 kwa mtu kwa siku, na ongeza ya siku moja zaidi. Yatie katika madumu madogo kadhaa. Dumu kubwa moja likivuja, safari imekwisha.

SWALI: Mimi hutapika baharini. Nisile kabisa?

JIBU: Kula, ila kidogo na bila mafuta mengi, tumbo tupu huzidisha kichefuchefu. Kaa katikati ya chombo, mbali na moshi wa injini, macho kwenye upeo, simu mfukoni. Dawa hunywewa kabla ya kupanda. Ukisubiri mpaka uanze kutapika, umechelewa, utaitapika nayo.

SWALI: Jaketi la kuokolea la mtu mzima linamfaa mtoto akifungwa vizuri?

JIBU: Halimfai. Akiwa majini hupanda juu na yeye huteleza kutokea chini. Chagua kwa uzito ulioandikwa ndani ya jaketi, lenye mkanda wa kupita kati ya miguu. Lifunge lote, kisha linyanyue kwa mabegani: likimfika masikioni, ni kubwa. Fanyeni hivyo ufukweni, kabla nanga haijang'olewa.