Kabla hujasema kocha hana mbinu, hesabu kwanza

Timu ikilazimishwa sare na wapinzani waliopaki basi, yaani waliorudi wote nyuma kulinda goli lao, vijiweni wimbo huwa mmoja: mpira wetu unajulikana, kocha hana plani B. Inawezekana. Ila kujulikana peke yake si kosa. Winga Arjen Robben alikaa Bayern Munich ya Ujerumani kuanzia 2009 hadi 2019 akirudia jambo lilelile: anapokea kulia, anaingia ndani, anapiga kwa mguu wa kushoto. Mabeki wote walilijua. Shida yao ilikuwa Philipp Lahm, beki wa kulia wa Bayern, aliyekuwa akipanda kwa nje. Beki akiziba njia ya ndani, Lahm anapewa mpira akiwa huru pembeni. Akimfuata Lahm, Robben ameshapiga.

Kwa hiyo jiulize kama beki wa wapinzani analazimika kuchagua. Kama halazimiki, hapo malalamiko yana msingi.

Ili kuliona hilo, acha kuufuata mpira kwa dakika kumi na tano hivi. Ukiwa uwanjani, jukwaa la juu linasaidia zaidi. Kwenye runinga kamera huficha nusu ya mambo. Anza na krosi, mpira unaopigwa kutoka pembeni kwenda mbele ya goli. Inapopigwa, hesabu vichwa ndani ya boksi: mmoja nguzo ya karibu, mmoja ya mbali, mmoja karibu na alama ya penalti anayesubiri pasi ya kurudi nyuma. Wakiwa wawili mbele ya mabeki wanne, hiyo ni zawadi kwa kipa. Kisha tazama inapotokea. Krosi ya mita 30 kutoka golini humkuta beki akiutazama mpira na mshambuliaji kwa pamoja, anapiga kichwa tu. Ikitoka karibu na mstari wa goli, beki inabidi ageuke, na akitazama mpira anampoteza mtu wake. Februari 9, 2014, Manchester United walipiga krosi 81 Old Trafford dhidi ya Fulham waliokuwa wakiburuza mkia. Matokeo: 2-2.

Cha pili ni kuhamisha mpira. Uwanja kwa kawaida una upana wa mita 68 hivi na hakuna safu ya mabeki inayoweza kuufunika wote, lakini ikipewa muda inasogea. Mpira ukitoka kushoto kwenda kulia kwa pasi mbili kali, winga anapokea akiwa na mtu mmoja mbele yake. Ukipitia kwa mabeki wenu wote wanne, kila mmoja akiutuliza kwanza, winga anakuta watatu wanamsubiri. Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia 2018, na katika dakika 120 bao lao pekee lilikuwa la kujifunga. Wakatolewa kwa penalti.

Angalia pia winga na beki wake wa pembeni. Wakisimama kwenye mstari mmoja, wote wamekanyaga chaki ya pembeni mwa uwanja, mpinzani mmoja anawachunga wawili. Mmoja akae nje, mwingine aingie kwenye uwazi kati ya beki wa kati na beki wa pembeni. Hili ndilo linaloonekana haraka kuliko yote, na watu wengi hawalitazami.

Sasa, lawama ni za nani? Mshambuliaji akikimbia nyuma ya mabeki mara sita na kiungo asiinue kichwa hata mara moja, anza na kiungo. Kama hakuna anayekimbia kabisa, hilo ni la mazoezini, kwa hiyo ni la kocha. Na uwanja wenye mashimo au uliojaa maji usiusahau: pasi ya haraka ya chini hufia njiani, na mpira mrefu unakuwa uamuzi wa busara hata kama unachosha macho.

Kuna makocha wanaong'ang'ania krosi kwa makusudi, maana mpira ukipotea pembeni kuna muda wa kujipanga, ukipotea katikati ni shambulizi la kushtukiza. Hiyo ni hesabu halali mkiwa mnaongoza. Mkiwa nyuma bao moja dakika ya 75, halafu namba tisa (mshambuliaji wa kati) mrefu anatoka na kuingia namba tisa mwingine mrefu, huku mawinga na viungo ni walewale na wamesimama palepale, hapo mzomeeni.