Weka koleo chini, usikate waya hata mmoja

Mkuu, hilo koleo liweke chini kabla hujaendelea kusoma.

Unasema umepata ruta kuukuu ya kiwandani, ile mashine ya kuchonga mbao kwa kompyuta, skrini haiwaki, na Jumamosi unang'oa kila kilichomo kabatini, mota za sevo (zenye kihisi cha kujua zilipo) na draiva zake (visanduku vya kuziendesha) zikiwemo, ufunge stepa mpya (mota za kwenda hatua kwa hatua) "ili uanze upya". Kuanza upya! Maneno hayohayo niliyasema mimi. Na kweli nilianza upya, mara tatu.

Yangu nayo kidhibiti, ubongo wa mashine, kiligoma. Nikamwita jamaa anayejiita mtaalamu. Alichungulia kabatini dakika kumi, multimita hakuitoa hata mfukoni, akatoa hukumu: sevo za zamani ni chuma chakavu, funga stepa kubwa, zina nguvu kuliko hizi, soma mwenyewe kwenye karatasi yake. Ulimi hauna mfupa. Na wahenga wanasema ya kale ni dhahabu. Mimi ya kwangu niliiuza kwa kilo, bei ya shaba.

Karatasi haikudanganya. Ilitaja nguvu ya stepa ikiwa IMESIMAMA. Hicho ndicho yule bwana hakukisema, sijui kwa kutojua au kwa sababu stepa alikuwa anaziuza yeye. Kadiri stepa inavyozunguka haraka ndivyo nguvu inavyoiishia. Skrubu zangu za kusukuma mashine zinasogeza milimita 20 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mwendo wa mita 20 kwa dakika unadai mizunguko 1000 kwa dakika. Kwenye mizunguko 1000 stepa yangu ilibaki na nguvu ya kufungua kifuniko cha chupa, nayo imetwishwa daraja zima la chuma linalovuka mashine, lenye spindo (mota ya kuzungusha kisu) juu.

Stepa ya kawaida ikizidiwa hupoteza hatua na haimwambii mtu. Haina enkoda, kile kihisi cha kusema mota iko wapi, kwa hiyo kompyuta inaamini imefika. Kwenye mhimili (njia ya mwendo) mfupi wenye mota moja utaharibu ubao mmoja, utatukana kidogo, utaendelea. Lakini daraja langu linasukumwa na mota mbili, moja kila upande. Siku hiyo ya kushoto ikazidiwa, ya kulia ikaendelea na safari zake. Daraja likapinda kama mtu aliyeshikwa na kiuno. Nilisikia mlio ambao mpaka leo nikisikia mlango ukikwaruza sakafu nashtuka. Beringi za reli zikafa, skrubu moja ikapinda, na kuvirudisha kulinigharimu kuliko elektroniki yote mpya niliyofunga. Mtaalamu? Simu haipokelewi.

Tena ngoja, uchungu haujaisha. Baadaye nikapata kitabu cha ile mashine. Imeandikwa wazi kwamba betri ya kumbukumbu ikiisha, vigezo vyote hufutika na kidhibiti hukataa kuwa tayari. Betri! Sikuwahi hata kuipima. Naandika hapa nikicheka ili nisilie.

Kwa hiyo sikiliza: kabla ya kukata waya wowote, zungusha kila mota kwa draiva yake ya zamani. Nyingi ya draiva za enzi hizo hupokea amri ya volti kati ya -10 na +10, bila kujali inatoka kwa nani. Soma kibao cha draiva, hakikisha ni ya aina hiyo. Tenganisha mota na skrubu, ipe draiva ishara yake ya kuruhusiwa (mara nyingi ni volti 24), kisha weka betri moja ndogo ya volti 1.5 kwenye mlango wa amri. Mota ikizunguka taratibu, karibu asilimia 15 ya kasi yake, na ukigeuza betri nayo ikageuka, basi una mota nzima na draiva nzima. Kilichokufa ni ubongo tu, mikono ni mizima.

Mhimili wa Z, wa kupanda na kushuka, usiuguse mpaka uegemeze kichwa kwa gogo. Breki ya kukishikilia mara nyingi iko ndani ya mota yake, kwa hiyo ukiitenganisha na skrubu, kichwa kinakuja chini na vidole vyako. Na ukizima umeme, usiingize mkono kabatini papo hapo, kapasita hutunza umeme na hazina haraka ya kusahau.

Ah, uliuliza pia programu. LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine hizi kwa kompyuta, pamoja na kadi ya Mesa 7i77: kadi inatoa hizo volti 10 kwa mihimili sita na kusoma enkoda zake, yaani sevo zako zinabaki zilipo na kompyuta inajua mota iko wapi hasa. Ikikosea njia, inasimama na kulalamika badala ya kukupindia daraja. Kulikuwa na swali jingine la inveta ya spindo, sijui na la pampu ya kufyonza, hayo subiri.

Fanya jaribio la betri, upige picha vibao vya mota na draiva, uvitupie hapa. Na kama zile nyaya ulishazikata jana, niambie taratibu.