Magoli 2, mechi 11: jibu langu kwa straika aliyeniandikia

Jumanne usiku nimetoka kuoga, nasubiri ugali, simu ikaingia ujumbe. "Shikamoo kocha. Nina magoli 2 mechi 11. Jumapili wamenizomea mpaka mama akainuka akaondoka uwanjani. Nifanyeje?"

Jina lake naliacha. Ana miaka 21, yuko timu ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu yetu, na nilimfundisha akiwa kitoto, kwenye uwanja wetu wa vumbi hapa Mbagala. Nikaanza kumjibu kwa mistari miwili, nikashtukia ugali umepoa na mimi bado naandika. Basi namjibu hapa hapa, maana najua mko wengi. Kila straika anayesoma hapa anataka Ligi Kuu, kisha Ulaya. Msinidanganye, nami nilitaka.

Kwanza mnifahamu. Msimu wangu mzuri nilifunga magoli 14, wakati Championship bado tunaiita Daraja la Kwanza. Nisameheni nikijisifu, sina kombe la kuwaonyesha. Mama ntilie aliacha kunidai. Bodaboda walikuwa hawapokei nauli yangu. Nikiingia kinyozi watu wananiachia foleni. Unaamini kabisa kwamba goli ni mali yako, umezaliwa nalo mguuni.

Ikaja timu ya Ligi Kuu. Nilisaini mkataba wa miaka miwili juu ya boneti ya gari, nje ya hoteli, saa nne usiku, kiongozi mmoja akinimulikia kwa tochi ya simu. Karatasi ya pili sikuisoma. Fedha ya usajili nikapewa nusu, nikaambiwa nyingine "wiki ijayo". Nakala? "Utaikuta ofisini, mdogo wangu." Mpaka leo sijaikuta.

Halafu ukame. Mechi 9 bila bao. Nyingi sizikumbuki, ila ya 9 naiona mpaka nikilala. Winga wetu amemtoka beki, anapiga krosi ya chini, kali. Kipa kaparaza, mpira unapita mbele ya goli tupu, hatua tatu kutoka mstarini. Nikajitupa. Ukanipita kwenye ncha ya daluga, kama urefu wa kidole. Uwanja mzima ukashika kichwa, kesho yake redioni wanasema nina gundu. Mjomba wangu mmoja alitaka hata kunipeleka kwa mtaalamu wake.

Gundu gani? Ukweli nauandika leo kwa mara ya kwanza: nilichelewa kuondoka. Krosi tatu za mwanzo nilikimbilia nguzo ya karibu, ile iliyo upande wa anayepiga krosi, mpira haukuja. Ya nne nikabaki kwenye alama ya penalti nimenyoosha mkono, naomba niletewe. Ndiyo iliyokuja nguzo ya karibu. Uvivu wa namna ile hakuna anayeuona. Jukwaani unaonekana bahati mbaya, na wewe mwenyewe unaitikia kwamba ni bahati mbaya.

Kocha wa kikosi cha pili, mzee mmoja asiyependa maneno, ndiye aliyenishika. Akanitoa mazoezini peke yangu, siku nzima bila kugusa mpira. "Usimtazame beki. Mtazame anayepiga krosi. Akiinamisha kichwa kuangalia mpira, hapo ondoka." Mtu akiinama, anakaribia kupiga. Ukiondoka kabla, beki anakufuata. Ukiondoka baadaye, umeshachelewa kama mimi. Kingine: simama nyuma ya bega la beki, asikoweza kukuona wewe na mpira kwa pamoja. Jivute hatua mbili kama unakwenda nguzo ya mbali, akishakuamini, katiza mbele yake. Krosi 10, mbio 10. Tisa hazitakuja. Unakwenda zote.

Ndiyo dawa, kijana wangu, na sina nyingine. Goli si lako. Linahitaji winga, kipa, hata nyasi. Mbio ni zako. Ulivyonitumia zile video zako nimeangalia mara mbili: krosi nyingi umesimama penalti, mkono juu. Nilijiona mimi.

Na kuzomewa usikuone kitu cha ajabu. Fernando Torres, straika wa Hispania, alinunuliwa na Chelsea Januari 2011 kwa pauni milioni 50, akacheza dakika 903 ndipo akapata bao la kwanza. Mwenzetu wa Mbagala, Mbwana Samatta, amefunga Anfield, uwanja wa Liverpool, akiwa na Genk ya Ubelgiji. Machi 1, 2020, sasa yuko Aston Villa ya Uingereza, akajirusha Wembley akapiga kichwa kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Nchi nzima tulikuwa hatulali. Aston Villa walifungwa 2-1, na baada ya lile bao hakuwafungia tena. Kwenye Ligi Kuu ya Uingereza ana bao moja kwa mechi 14. Septemba yuko Fenerbahçe ya Uturuki. Hapo ni mtu aliyekwishakuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Itakuwa wewe na mimi? Alikwenda mbele, akacheza Uturuki, akacheza Ugiriki, na ubingwa wa huko akauchukua akiwa na PAOK.

Mimi nilirudi kufunga, magoli 4 mechi 6. Kisha goti. Sikugongwa na mtu, niligeuka tu, nikasikia kitu kama kijiti kikavu kimevunjwa. Wakanipulizia dawa ya baridi nikamalizia kipindi, kosa ambalo naomba usilifanye hata kocha akikuita mwoga. Kano ya mbele ndani ya goti ilikuwa imekatika. Dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu, likafunguliwa, nikaona kwenye simu orodha ya walioachwa. Jina langu la tatu, limekosewa herufi. Nikadai. Nikaulizwa, mkataba wako uko wapi?

Hapa mnivumilie, nitahubiri. Nyie vijana mnajua bei ya kiatu cha Mbappé na hamjui mshahara wenu unaingia tarehe ngapi! Kanuni za FIFA tangu 2018 ziko wazi: klabu isipokulipa mishahara ya miezi miwili, unaiandikia, unaipa siku 15, ikishindwa una haki ya kuvunja mkataba. Lakini unaandikaje huna karatasi? Usisaini usiku. Usisaini bila mtu mzima wa kwenu pembeni. Usiondoke bila nakala yenye sahihi na muhuri, ukalale nayo. Nimesema na nitasema tena, nakala. Mnaniona mzee mwenye kinyongo. Ninacho, na goti langu mvua ikija linajua kabla ya mamlaka ya hali ya hewa.

Kijana amenijibu jana kwa sauti, anahema, yuko mazoezini. Anasema amepiga mbio 40 bila mpira na wenzake wanamcheka. Jumapili wanacheza hapa Dar. Nimemwambia nitakaa nyuma ya goli, upande wa nguzo ya karibu, nihesabu. Mama yake nitampitia, na nimemwagiza aje na mkataba wake.