Mahindi yenye kuvu hayaoshwi yakawa mbegu

SWALI: Daktari, salaam. Nilipanda mahindi ya PH4, mbegu ya huku pwani, niliyobakisha kwenye mavuno yaliyopita. Nyingine zilikuwa na kuvu, nikaziosha kwa maji ya chumvi nikazianika. Sasa miche imedumaa na mizizi ni ya kahawia. Jirani asema ni mbolea. Muuza dawa kaniuzia chupa ya kunyunyizia. Nifanyeje? — Mkulima, Likoni

JIBU: Bwana mkulima, kila masika naletewa swali hili, na kila mara muulizaji ameshaosha.

Kuvu si vumbi. Ulichosugua ni cha nje tu. Kuvu aitwaye Fusarium hukaa ndani ya punje, hata punje inayong'aa, kisha huamka pamoja na mche. Humo hutoa sumu iitwayo fumonisini, inayovuruga utengenezaji wa mafuta yanayojenga utando wa seli. Mzizi unakwama. Wewe waona mche mdogo, wadhani una njaa, wauongezea mbolea. Kwa mzizi gani?

Pasua shina chini, karibu na mizizi. Likiwa la kahawia ndani, ng'oa. Na hiyo chupa, je, ina lebo? Dawa ya kuvu ya mbegu hupakwa kabla ya kupanda. Anayekuuzia ya kunyunyizia majani ili mzizi uliooza upone anakula pesa yako. Mvua ikiwa bado ipo, panda upya mbegu yenye lebo ya KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mbegu. PH4 ni chotara hata hivyo; ya kubakisha haizai kama mamake.

Lakini linalonikosesha usingizi ni yale mahindi yaliyobaki. Umeyasagisha? Kuvu wengine, Aspergillus, hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na moto wa sima hauiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Wala usiniambie utampa ng'ombe: sumu hupita hadi kwenye maziwa. Yazike.

Msimu ujao kausha hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, uyafunge yasipate hewa, maana hewa yetu ya pwani huyarudishia unyevu. Chumvi yako itafaa hapo: tia kidogo, ikiwa kavu, kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na punje, utikise. Ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani.