Oili ya IST ibadilishwe lini? Rangi haikuambii

Mkuu, umesema una Toyota IST yenye injini ya 1NZ (ya petroli), unakaa Njiro, kazi mjini Arusha, na mafundi watatu wamekupa majibu matatu: kilomita 3,000, kilomita 5,000, na "subiri iwe nyeusi". Hilo la tatu lifute kwanza. Oili ina dawa za kusafisha zinazobeba masizi yasigande kwenye vyuma, kwa hiyo kuwa nyeusi ni sehemu ya kazi yake. Land Cruiser ya dizeli inayopeleka watalii porini hutoka sevisi asubuhi, jioni ukichomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) oili ni nyeusi tii, na hakuna kosa lolote.

Kilomita nazo zinadanganya kidogo. Piga hesabu: kilomita 5,000 kwa mwendo wa wastani wa 70 kwa saa, kama anayekwenda Moshi na kurudi, injini imezunguka kama saa 71. Kilomita hizo hizo kwa wastani wa 20 kwa saa, ndani ya foleni, ni saa 250. Dashibodi inasoma namba ileile, ila oili yako imepikwa zaidi ya mara tatu. Ongeza baridi ya asubuhi za Juni na Julai: ukiendesha dakika kumi na kuzima, injini haijapata joto la kutosha kukausha mvuke wa maji na petroli iliyopenya kwenye ringi za pistoni. Ukinusa dipstiki ikanuka petroli, ndiyo hiyo.

Toyota kwa magari ya petroli yasiyo na tabo (tabochaja) yaliyouzwa Japani walitoa kilomita 15,000 au mwaka 1, na nusu yake, 7,500 au miezi 6, kwa mazingira magumu: vumbi, milima, safari fupi fupi. Sisi tuko kwenye hayo yote. Kwa gari la umri huo, na oili za madukani ambazo nyingine zimechakachuliwa, shika kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia. Kilomita 3,000 ni ya gari ulilonunua bila kujua historia yake, au ulilofungua mfuniko wa oili ukakuta tope: fanya hivyo mara mbili za mwanzo kisha rudi kwenye 5,000. Kuendelea nayo miaka yote kwenye injini isiyo na tatizo ni kumnufaisha muuza oili.

Injini hainoki (haifi) kwa sababu umechelewa kilomita 500. Inanoki kwa sababu oili ilipungua na hakuna aliyefungua boneti. 1NZ iliyochoka hula oili bila moshi wa kukutisha. Pima kila wiki mbili, asubuhi, gari likiwa sehemu tambarare: chomoa, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Ikikaribia alama ya chini ongeza robo lita, pima, ongeza tena. Usipitishe alama ya juu. Taa nyekundu ya kopo la oili inahusu presha, wala haikukumbushi sevisi. Ikiwaka unatembea, hata kwenye kona tu, simama uzime hapo hapo. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni maji yameingia; hapo usiwashe tena, tafuta fundi.

Kumwaga kwenyewe: washa injini dakika 5 ipate uvuguvugu, zima. Nati ya sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ni spana namba 14. Weka washa (pete ya nati) mpya na usikaze kwa bomba refu, nyuzi za sampu zikiliwa utajuta. Filta ya zamani ikitoka, hakikisha mpira wake haukubaki umeganda kwenye injini. Mipira miwili ikipandana, oili yote itamwagika barabarani. Mpira wa filta mpya upake oili, funga kwa mkono mpaka uguse, kisha robo tatu ya mzunguko.

Injini hiyo pamoja na filta inachukua lita 3.7, kwa hiyo kopo la lita 4 linabakiza kidogo, usilimimine lote. Chukua oili nyepesi, 5W-30. Usikubali nzito ya 20W-50 eti "gari limezeeka": asubuhi ya baridi inapanda taratibu, na njia za oili za VVT-i (mfumo unaorekebisha muda wa vali kufunguka) ni nyembamba.

Ukiwa hapo chini ya boneti, kagua boksi la filta ya hewa. Klipu ikiwa imevunjika, vumbi la kiangazi linaingia moja kwa moja, na oili mpya inageuka msasa ndani ya wiki chache.

Ukimaliza, washa dakika 1 filta ijae, zima, subiri dakika 5, pima tena. Lazima itakuwa imeshuka kidogo, ongezea hapo.