Msiikimbie ile semina ya krediti moja

Wadogo zangu mnaoanza uhandisi wa kemia na biomolekyula huku Marekani, kwenye ratiba mtakuta kuna semina ya krediti moja, saa moja kwa wiki, haina mtihani, na waliowatangulia watawaambia hiyo ni ya kupotezea muda, nendeni mkale piza mrudi zenu. Mi niliwasikiliza. Mwaka wa kwanza wote nilikuwa nasaini jina, nakaa nyuma, namalizia maswali ya kalkulasi, hata sijui nani alikuja kuongea.

Mwaka wa pili akaja mhandisi wa kiwanda cha dawa kutufanyia intavyuu za mazoezi, akaniambia nimweleze mradi wangu wa maabara. Nikaanza kwa mbwembwe, tulipandikiza jeni kwenye bakteria wa E. coli, tukawakuza, tukapima protini, akanikatisha, "sawa, na wewe ulifanya nini?" Nikabaki nimeduwaa. Jamani sisi tumelelewa kwamba ukisema mimi mimi unajisifu, mtu kalima shamba peke yake lakini atakwambia tumelima, sasa huku ukisema "tulifanya" mara tano anayekusikiliza anajua kazi yako ilikuwa kuosha vyombo. Wiki ile nikaandika sivii upya: mimi ndiye niliyeshusha joto kutoka nyuzi 37 hadi 18 pale tunapowaanzisha bakteria kutengeneza protini, maana ilikuwa inajikunja vibaya na kugandamana mabonge yasiyofaa. Umeona, sentensi moja tu, ina kitu nilichofanya, ina sababu, ina namba. Kabla ya hapo nilikuwa nimeandika "nina ujuzi wa maabara", yaani hata anayefagia maabara angeweza kuandika hivyo. Ila msitie chumvi, kama wazo lilikuwa la mwenzako mtaje, maana hawa watu watakuuliza mpaka ujulikane.

Kingine ni tarehe. Kampuni nyingi kubwa za dawa zinaanza kutafuta watu wa intanshipu ya kiangazi tangu Septemba na Oktoba ya mwaka uliotangulia, ukisubiri Machi utakuta wameshamaliza. Na zile programu za utafiti za REU, za wanafunzi wa shahada ya kwanza, zinazolipiwa na NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, posho yake kwa kawaida ni ya raia na wenye grini kadi, mimi nilimaliza likizo nzima ya Krismasi najaza fomu tatu ndo nikaja kugundua, na hilo lilisemwa semina ya Oktoba nikiwa nyuma na kalkulasi yangu. Nyie wenye visa ya mwanafunzi ya F-1 mshike haya: CPT, kibali cha kufanya kazi ya fani yako ukiwa bado unasoma, kwa kawaida mpaka umalize mwaka mzima wa masomo, na OPT, kibali cha kazi ya fani yako ukishamaliza, ni miezi 12 baada ya kuhitimu halafu sisi wa sayansi na uhandisi tunaweza kuomba 24 mingine. Kabla hujasaini chochote nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni, usiulize kwenye magrupu ya WhatsApp.

Niliyoipenda kuliko zote ilihusu GMP, taratibu za kutengeneza dawa kiwandani. Kule ukikosea kuandika hufuti, unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unaweka herufi za jina lako na tarehe. Dada aliyekuja kuongea siku hiyo akatuambia pia kwamba chupa ya nusu lita ukiitikisa mambo yanaenda, lakini tangi la lita 2,000 oksijeni haiwafikii bakteria vizuri, joto linagoma kutoka, povu linapanda. Darasani nilikuwa nimekariri fomula zake zote na sikuwahi kuwaza povu.

Mgeni akimaliza kuongea msikae mkisubiri mkubwa awaite kama nyumbani, mfuate, muulize swali moja la kazi yake, kesho yake mwandikie imeili ya mistari minne umkumbushe swali lako. Intanshipu yangu ya kwanza ilianzia kwenye swali la povu.

Na piza fikeni mapema, mwaka wa nne hawabakizi kitu.